Mkopo wa Mkono

Łódź, wodi ya tatu, Februari

Daktari Pakuła aliniambia nipandishe gauni hadi magotini.
Akaitazama miguu yangu kimya,
kama anayesoma barua ya mtu mwingine.
"Vena zako zilikwenda wapi?"
Kiwandani, nikamjibu.
Miaka thelathini na mmoja nimesimama mbele ya mitambo ya kufuma,
sakafu ya saruji ikinitetemesha hadi kwenye meno,
mpaka mishipa ikavimba, ikajisokota
kama uzi uliochezewa na paka,
na mwaka wa themanini na tisa wakaing'oa,
wakaitupa. Sikuulizwa.

"Basi miguuni hamna kitu," akasema.
Nilidhani ananifukuza.
Kumbe anahesabu akiba.

Nyuma ya karatasi ya maabara
akachora moyo mbaya, kama kiazi,
na njia tatu zilizozibwa.
Vena, akasema, hata ingekuwepo,
imezoea damu iliyochoka, ipandayo polepole.
Ukiibandika penye kishindo hujikaza, hujikaza,
kisha miaka kumi, mgonjwa amerudi mlangoni kwangu.
Ateri imezaliwa ndani ya kishindo.

"Ipo moja nyuma ya mfupa wa kifua, kushoto.
Hiyo hatuikati shinani. Tunaifungua ncha tu,
tunaigeuza, tunaileta kwa moyo."
Nikauliza: siku zote hizi imekuwa ikilisha nini?
"Mbavu," akasema. "Na ziwa."

Ziwa hilo Cyryl alilinyonya miezi kumi na minne.
Cyryl yuko Antwerp, hupiga simu Jumapili
kuuliza kama theluji imeyeyuka.

"Ya pili tutaitoa mkononi. Kwa kawaida, wa kushoto."
Nikamwambia: mkasi naushika kwa kushoto.
Fundo nalifunga kwa kushoto.
Watawa wa shule walinichapa rula, sikuacha.
Akacheka, akauchukua wa kulia.
"Kunja ngumi." Nikakunja.
Akakibana kifundo pande zote mbili kwa vidole gumba.
"Fungua."
Kiganja kilikuwa cheupe kama nta.
Akaachia upande mmoja tu, wa kidole cha mwisho,
akahesabu kwa sauti: moja, mbili, tatu, nne,
na wekundu ukaja, ukitambaa kutoka pembeni
kidole kwa kidole hadi gumba.
Mishipa miwili imekuwa ikiulisha mkono huu miaka sitini na saba,
na kumbe mmoja ungetosha.
Sikujua nifurahi au nimdai mtu.

Nikaomba kuuona uzi.
Fundi humuuliza fundi.
Muuguzi Ludwika akaniletea kipande juu ya chachi,
cha bluu, chembamba kuliko unywele wa kitoto kichanga.
Ilibidi nivae miwani,
mimi niliyekuwa nikiusikia uzi ukikatika
mitambo arobaini ikinguruma.
Nikamwambia daktari: huu ukikatika, nani atasimamisha mtambo?
Akasema hanywi kahawa siku za upasuaji.
Hilo ndilo jibu alilonipa,
nami nikalipokea.

Saa tano na nusu, wananiambia. Sikuwepo.

Leo siku ya tisa. Kovu la mkono limenyooka kuliko la kifua.
Mshono mzuri, nimeukagua, ingawa pale karibu na kiwiko
alikuwa na haraka.
Shina la kidole gumba limekufa ganzi:
nikishika kikombe cha chai, upande mmoja nasikia joto,
upande wa pili ni kama nimeshikiwa na jirani.

Usiku, wodi ikinyamaza, mkono wenyewe huinuka
ukaenda kifuani, ukakaa pale juu ya bandeji,
ukisikiliza kitu chake kikigonga nyumba ya watu.

Bi Honorata wa kitanda cha dirishani huniuliza
mbona silali.
Mimi nalala, namwambia.
Mkono ndio uko zamu ya usiku.